Tapling au Gibbons: nani alizitendea haki zaidi stempu za zamani?

Mwaka 1890 Edward Stanley Gibbons aliuza biashara yake ya stempu jijini London kwa pauni 25,000, akastaafu. Aprili mwaka uliofuata Thomas Keay Tapling, mbunge wa Harborough, alifariki akiwa na umri wa miaka 35. Katika wosia wake aliiachia British Museum mkusanyiko wake wote wa stempu, uliokadiriwa wakati ule kuwa na thamani ya takriban pauni 12,000. Watu hawa wawili wanawakilisha mvutano ambao wapenzi wa stempu nchini Uingereza wanauendeleza hadi leo. Stempu adimu ikishaokolewa, iende makumbusho, ambako haitauzwa tena, au ibaki sokoni ili kila kizazi kipate zamu yake ya kuimiliki?

Mimi niko upande wa Tapling. Hata hivyo hoja za upande wa Gibbons ni nzito, na haifai kuzipita juu juu.

Gibbons alizaliwa Plymouth mwaka 1840, mwaka uleule Uingereza ilipotoa Penny Black, stempu ya kwanza duniani. Baba yake alikuwa na duka la dawa, na mwaka 1856 kijana akapewa sehemu ndani ya duka hilo auzie stempu. Alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1863 waliingia mabaharia wawili na mfuko uliojaa stempu za pembetatu za Rasi ya Tumaini Jema, waliozipata Cape Town kwenye bahati nasibu. Akaununua mfuko mzima kwa pauni 5, na kwa kuziuza moja moja akapata faida ya mara nyingi. Watu hupenda kuisimulia habari hii kama mfano wa mwenye bahati. Kwangu uzito wake uko kwingine. Bila mtu aliyekaa pale dukani akiwa tayari kutoa fedha, stempu zile zingeishia wapi? Baharia hana albamu, na makumbusho hayana mtu bandarini. Mwaka 1865 Gibbons alitoa orodha yake ya kwanza ya bei, na kuanzia hapo hata mtu aliyekuwa mbali na London aliweza kujua kwamba kipande fulani cha karatasi kilichokwisha kazi kina thamani. Kitu chenye bei hakitupwi ovyo.

Stempu maarufu kuliko zote inathibitisha hoja hiyo. Stempu ya senti moja ya British Guiana (leo Guyana) ya mwaka 1856, iliyochapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyekundu ya zambarau, ilipatikana mwaka 1873 na mvulana wa miaka 12, Louis Vernon Vaughan, kati ya barua za familia yake. Aliiuza kwa shilingi sita ili anunue nyingine zenye sura nzuri zaidi. Mwaka 1878 mkusanyiko ilimokuwamo ukanunuliwa na Thomas Ridpath, mfanyabiashara wa Liverpool, kwa pauni 120, naye akaiuza stempu hiyo moja kwa Philipp von Ferrary, mkusanyaji mkubwa wa Paris, kwa pauni 150. Hakuna mkono hata mmoja katika safari hiyo uliokuwa wa makumbusho. Walioivusha ni wauzaji, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuilinda kwa sababu alitarajia kuipitisha kwa mwingine kwa bei ya juu zaidi.

Lakini soko lina sura nyingine. Orodha ya Gibbons ilikua ikawa katalogi inayotegemewa na wakusanyaji wa dunia nzima, na namba zake ndizo zinazotumiwa kutaja stempu za iliyokuwa dola ya Kiingereza. Bei zilizomo ni zile ambazo kampuni yenyewe ingeuzia. Ni sawa na muuza nyama kupewa kazi ya kukagua mizani ya soko zima. Sisemi kwamba kampuni ile ilidanganya; kazi ya kitaalamu iliyofanywa na wahariri wake ni kubwa, na bila katalogi ile tungekuwa gizani. Ila anayesema kitu fulani ni adimu ndiye huyohuyo anayenufaika kikiitwa adimu, na mnunuzi mgeni hana pa kukata rufaa.

Kisha wakaja waliogundua kwamba kama stempu zina bei, basi zinaweza kutengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tu. Nicholas Seebeck, mfanyabiashara wa New York, aliingia mikataba na serikali kadhaa za Amerika ya Kati na Ekuado. Angewachapia stempu mpya kila mwaka bila malipo, naye angebaki na haki ya kuuza masalio na kuchapa upya. Wakusanyaji wa London walikasirika, na mwaka 1895 wakaunda chama cha kupinga stempu za kilanguzi. Chama hicho hakikudumu. Hamu ya kujaza nafasi tupu kwenye albamu iliwashinda nguvu. Jijini humohumo London, Alfred Benjamin na Julian Hippolyte Sarpy walikuwa wakiuza stempu za bandia na zilizochakachuliwa, hadi mahakama ikawatia hatiani mwaka 1892. Hata wao ni watoto wa soko.

Tapling alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa mazulia, akasoma Cambridge, akawa mwanasheria na baadaye mbunge. Alikuwa na fedha, na hakujifanya hana. Alinunua mikusanyiko mizima mizima. Mwaka 1887 alinunua ule wa ndugu wawili Wafaransa, Martial Caillebotte na mchoraji Gustave Caillebotte, waliokuwa wataalamu wa stempu za Meksiko. Watetezi wa soko hawautilii maanani ununuzi huu kama unavyostahili. Kila kilichopita kwenye mikono ya Tapling kiliacha kuzunguka. Sampuli za toleo karibu kila moja lililotoka duniani kati ya mwaka 1840 na 1890 zilikaa pamoja, na baada ya kifo chake Edward Denny Bacon, mtaalamu wa stempu, alitumia miaka kadhaa kuzipanga kurasa kwa kurasa. Leo ziko British Library, maktaba ya taifa iliyotokana na British Museum, na mikusanyiko mingine mikubwa ya zama zake ilikwisha sambaratishwa kwenye minada. Anayetaka kujua stempu halisi ya mwaka 1860 ina rangi gani na karatasi gani anaweza kuilinganisha na ile iliyoingia mikononi mwa serikali kabla waghushi wengi hawajafikia ufundi wao wa juu kabisa. Jean de Sperati, Mwitaliano aliyeishi Ufaransa, alighushi kwa ustadi uliowayumbisha mabingwa, mpaka mwaka 1954 British Philatelic Association, chama cha wapenzi wa stempu cha Uingereza, ikaona afadhali inunue shehena yake na vifaa vyake ili aache. Dhidi ya mtu kama huyo, kipimo kisichouzwa ni ulinzi mkubwa kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Wapo wanaosema kwamba makumbusho ni kaburi, na kwamba stempu inayofungiwa humo inawanyima vijana nafasi ya kuimiliki. Sikubaliani nao sana. Kijana wa kawaida hakuwa na nafasi hiyo hata sokoni. Hoja yao iliyo bora ni nyingine, kwamba wosia haulindi kila kitu. Ferrary naye alitaka hazina yake iende kwenye makumbusho ya posta mjini Berlin. Akafa mwaka 1917 vita vikiendelea. Kwa kuwa alikuwa na uraia wa Austria, Ufaransa ikaitaifisha kama mali ya adui na kuipiga mnada kati ya mwaka 1921 na 1925. Ile senti ya British Guiana ikanunuliwa mwaka 1922 na Arthur Hind, tajiri aliyezaliwa Uingereza na kutajirikia Marekani, kwa zaidi ya dola 30,000. Mwaka 2021 ikarudi kwa waliobeba jina la Gibbons: kampuni ya Stanley Gibbons iliinunua kwa takriban dola milioni 8.3, kisha ikauza umiliki wake kwa vipande vidogo vidogo kwa yeyote anayetaka. Wanaosifu hatua hiyo wanasema imewapa watu wa kawaida sehemu ya kitu cha matajiri. Mimi naona mtu amepewa hisa, na hisa haifundishi chochote kuhusu wino wala karatasi.

Kuna njia ya tatu, ya wenye enzi. Mfalme George wa Tano alikuwa mkusanyaji wa kweli. Mwaka 1904, akiwa bado mwana wa mfalme, alilipa pauni 1,450 kwa stempu ya peni mbili ya Mauritius yenye maneno "Post Office", na albamu zake 328 nyekundu zipo hadi leo. Lakini tazama ile peni mbili ya rangi ya zambarau ya mwaka 1910. Ilichapwa, kisha Mfalme Edward wa Saba akafariki na shehena karibu yote ikateketezwa. Inajulikana moja tu iliyotumika kwenye barua, nayo ilitumwa tarehe 5 Mei 1910 kwa George mwenyewe, siku moja kabla hajawa mfalme. Upendo wake kwa stempu siutilii shaka. Ila mkusanyiko unaoletewa vitu ambavyo raia hawezi kuvipata posta, na ambao unabaki mali ya kiti cha enzi, hauwezi kuwa kielelezo cha wengine kukifuata.

Jambo linaloniyumbisha kweli ni kazi ya Charles Nissen. Mwaka 1898 mfanyabiashara huyu alikuwa akipitia stempu za kijani za shilingi moja za mwaka 1872, zilizotumika kwenye fomu za simu za maandishi katika ofisi ya posta ya Soko la Hisa la London. Akagundua kwamba baadhi hazina alama ya maji, ile inayofichwa ndani ya karatasi, na kwamba nyingine zina herufi za pembeni, zile zinazoonyesha nafasi ya stempu kwenye shiti, ambazo haziwezi kutokea kwenye shiti halali. Karani fulani, ambaye hakuwahi kutambuliwa, alikuwa akibandika za bandia na kutia shilingi ya mteja mfukoni. Fomu zile zilipaswa kuharibiwa. Badala yake zilivuja kama karatasi taka, zikauzwa na kununuliwa kwa mafungu, na wizi uliokuwa umelala kwa zaidi ya miaka 25 ukajulikana. Mkusanyiko wa sampuli teule usingeweza kuugundua. Tapling alitafuta mfano mzuri wa kila toleo, lakini Nissen alihitaji lundo.

Stempu za kwanza za Uganda zinanipeleka palepale. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alizichapa kwa taipureta huko Mengo, thamani yake ikiandikwa kwa kauri, yaani simbi za baharini, kwa sababu kauri ndizo zilizokuwa fedha. Kwanza alitumia mashine yenye herufi pana, baadaye nyingine yenye herufi nyembamba, kisha utepe wa wino wa zambarau. Thamani tofauti ziliweza kukaa bega kwa bega kwenye karatasi moja. Ukipewa stempu moja safi ya kauri ndani ya fremu, huwezi kujua lolote kati ya hayo. Unahitaji vipande vilivyoshikana, makosa ya chapa, bahasha zenye anwani, hata zilizochanika. Soko huzikata jozi likiona moja moja zinaleta fedha zaidi, na makumbusho ya enzi ya Tapling yalipenda moja iliyo bora.

Kwa hiyo nasimama na Tapling kwa nyongeza moja. Anayeandika wosia leo, awe Leicester au Kampala, asiache kurasa za maonyesho peke yake. Apeleke pia masanduku ya mabaki, bahasha zisizopendeza, nakala zinazojirudia na daftari la bei alizonunulia, na makumbusho yakubali kupokea vyote hivyo bila kuchagua vizuri tu.