Rupia za Mjerumani zisiyeyushwe

Nimeumia kusoma kwamba hapa kwetu Bagamoyo rupia za Mjerumani, zile sarafu za fedha za enzi za ukoloni wake, zinauzwa kwa masonara ziyeyushwe ziwe pete. Jamani! Rupia moja haifiki hata gramu 12, fedha (madini) iliyomo ni kidogo. Thamani iko kwenye mwaka na hali ya sarafu. Za rupia 2, za 1893 na 1894, ni adimu sana.

Na msizisugue kwa majivu na limau. Ule weusi uacheni. Ukiukwangua, manyoya ya simba aliyechorwa kwenye baadhi ya sarafu hizi yanafutika, na mnunuzi mjuzi anashusha bei papo hapo.

Reale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha zenye sura ya malkia wa Austria, ni habari nyingine: zimepigwa miaka mingi zikiandikwa 1780 ileile, kwa hiyo usiuziwe kwa mwaka peke yake.