Anayemuuguza mama alipwe mshahara

Kila ukoo una yule mmoja. Mara nyingi ni binti, hajaolewa au ameachika, na siku mama alipopata kiharusi ndugu walikaa kikao, wakatazamana, mmoja akasema: "Si huyu yuko nyumbani tu?" Yakaisha.

Tangu hapo ni yeye anayemgeuza mama usiku asipate vidonda vya kulala, anayembadilisha nepi, anayempima presha na kumlisha uji kijiko kwa kijiko. Ndugu wanatuma pesa ya dawa kwa M-Pesa, na chenji wanaiulizia.

Nasema alipwe. Sisemi hela ya vocha wala kanga ya Krismasi. Mshahara, wenye kiasi na tarehe.

Najua jibu: radhi ya mzazi hainunuliwi. Sawa. Lakini ndugu haohao wako radhi kumlipa mgeni, na tangu Novemba 2024 kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani Nairobi kimepita shilingi 16,000 kwa mwezi. Mgeni mtampa na siku ya kupumzika. Binti yenu hana Jumapili.

Hiyo hoja ya "yuko nyumbani tu" hata Wazungu waliitumia. Uingereza ilianza kutoa posho ya anayemtunza mgonjwa mwaka 1976, ikawanyima wanawake walioolewa, eti wangekuwa nyumbani hata hivyo. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi 1984 ili amtunze mama yake, alikataa. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, akashinda 1986.

Kwetu Kenya, Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wasiojiweza, huipa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mtunzaji ndiye anayezipokea kwa niaba yake. Tuishukuru serikali, ila hizo haziwezi kuwa mshahara wa mtu. Kwa hiyo mwajiri ni kikao cha familia, hata kama hakitaki kuitwa hivyo.

Aliye Doha atoe zaidi ya anayeuza mitumba Gikomba. Asiye na kitu aje alale kwa mgonjwa wikendi mbili kwa mwezi, dada atoke. Na mumlipie bima ya afya ya SHA pamoja na akiba ya uzeeni ya NSSF. Mpango wa NSSF wa Haba Haba unaanzia shilingi 25 kwa siku, hamtafilisika.

Maana mama akifariki bila wosia, na baba hayupo, sheria ya urithi inawagawia watoto sawa kwa sawa (kwa Waislamu ni hesabu nyingine). Aliyeuguza miaka kumi anapata kipande kilekile cha aliyekuja kwa mazishi na miwani ya jua. Kama mshahara umewashinda, basi mwiteni wakili sasa, mama angali na akili zake timamu, aseme mwenyewe anamwachia nini huyo binti.