Mteja Aliyevua Viatu Akajilaza

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa makamo aliingia ndani ya tela la kulala, yaani nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, katika yadi ninakofanya kazi, hapa kaskazini mwa Indiana, akavua viatu na kujilaza kitandani kwa dakika ishirini hivi, huku mumewe akifungua na kufunga milango ya kabati. Muuzaji hakuwasumbua. Walipotoka aliwauliza jambo moja tu: ni nani huamka usiku, na je, anafika chooni bila kumruka mwenzake? Nilifurahi, kisha nikaudhika, kwa sababu nilikumbuka mwenye yadi aliyeniuzia gari langu la kwanza Dar es Salaam, ambaye hakuinua macho kwenye simu yake mpaka nilipotaja pesa taslimu.

Msidhani swali lile lilikuwa upole. Eneo hili la Elkhart ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu za Marekani. Mwaka 2021, watu walipokimbia hoteli kwa sababu ya Uviko, viwanda vya nchi nzima vilipeleka kwa wauzaji nyumba hizo zaidi ya 600,000, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa kabla. Mwaka 2023, riba zilipokwisha kupanda, zilikuwa takriban 313,000 tu. Mwenye yadi hujaza uwanja wake kwa mkopo, na riba inahesabiwa kila siku tela linapokaa bila mnunuzi, kwa hiyo tela lenye kitanda kisichopendwa linamla akiwa amelala. Ndiyo maana sasa wanauliza kabla ya kuagiza. Wazazi vijana wanataka vitanda vya dabodeka katika tela jepesi linaloweza kuvutwa na gari lao la kila siku. Wastaafu wanataka jiko pana na kiti cha kuegemea. Wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa safarini wanataka meza, paneli za sola na betri za lithiamu. Na karibu wote, siku hizi, wanaanza na bei.

Nyumbani pia gari likikaa yadini linakula pesa, tena baada ya bandari na ushuru kukwisha kula za kwao. Hata hivyo tunaletewa Toyota IST kwa sababu kila mtu ananunua IST, nasi tunainunua kwa sababu itauzika. Gari tunalinunua kwa niaba ya mtu atakayelinunua kutoka kwetu.

Najua nitakachoambiwa: miaka sita tu huko na tayari unatudharau, nani wa kulala kwenye tela wakati nyumba yenyewe haijapauliwa? Sijasema mnunue matela. Wala sijasema Wamarekani wametuzidi akili. Mama yule hakuinua kichwa kutazama dari, ilhali maji yanayopenya kwenye viungo vya paa ndiyo ugonjwa unaoyaua matela haya, na watu kama yeye husaini mkopo wa miaka kumi na mitano au zaidi kwa kitu kinachopungua thamani tangu siku kinapotoka getini, na ambacho wengi wao watakilalia wiki chache tu kwa mwaka. Mjomba wangu wa Mbagala angekwisha kuingia chini ya lile tela na tochi kabla hajakubali kutajiwa bei. Kwa hilo najivunia sana, na wenzangu wa kazini wamechoka kunisikia nikilisimulia.

Mwingine atasema kumuuliza mteja ni mambo ya Wazungu. Huyo na aende Arusha, aone mafundi wanavyoikata Land Cruiser katikati, wakairefusha, wakaichomelea na kuiwekea paa la kunyanyuka. Kabla ya kugusa msumeno wameshamuuliza mwenye kampuni ya utalii viti vingapi, friji ikae wapi, na soketi za kuchajia kamera ziwe upande upi. Ufundi tunao na masikio tunayo. Ila anayeandaliwa kiti ni mgeni wa siku saba. Mimi niliyeendesha gari langu miaka mitano, watoto watatu wakibanana nyuma, sikuulizwa hata kama nina watoto. Niliambiwa tu kwamba ni namba D, yaani usajili wa karibuni.