Nusu mkate ulikuwa na ladha, Ajenda Namba Nne ilikuwa namba tu

Alasiri ya 28 Februari 2008 nilikuwa kwa kinyozi hapa Nakuru, kichwa kimenyolewa upande mmoja, runinga ilipoonyesha meza iliyowekwa nje ya Harambee House, ofisi ya rais jijini Nairobi. Rais Kibaki na mpinzani wake Raila wameketi, kalamu mkononi, watie saini mkataba wa kumaliza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Mpatanishi Kofi Annan yupo, Rais Kikwete wa Tanzania yupo. Kinyozi akazima mashine. Saini zilipokamilika, mzee wa kiti cha pili akashusha pumzi, kisha akauliza: "Sasa nani atapewa nini?"

Redio zikalidaka swali hilo hilo. Kwa wiki sita tulihesabiwa viti: hazina kwa nani, usalama wa ndani kwa nani, hadi baraza la mawaziri 40 likatangazwa Aprili. Serikali hiyo ya kugawana madaraka ikapata jina, nusu mkate. Ni jina tamu, silikatai. Hata mtoto wa chekechea analielewa. Ila ndilo lililotufundisha kwamba amani ni chakula cha wakubwa, nasi wengine tusubiri makombo.

Mazungumzo ya amani, yaliyofanyika hoteli ya Serena, yalikuwa na ajenda nne. Mkate wenyewe ulikuwa ajenda ya tatu. Ya nne ilibeba ardhi, umaskini, vijana wasio na kazi, katiba. Yaani yale yale yaliyofanya majirani wachomeane nyumba. Hiyo haikupewa jina. Watangazaji waliitaja kama namba ya faili: "Ajenda Namba Nne". Marehemu mama, ambaye redio yake haikuzimwa tangu alfajiri, aliwajua mawaziri wote kwa wizara zao. Nilipomuuliza kuhusu Ajenda Nne akasema, "Hiyo si ya wabunge?" Na wakati huo uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulikuwa umejaa mahema ya waliofukuzwa mashambani, mwendo wa miguu tu kutoka kwake.

Waliochochea hawakufanya kosa hilo la lugha. Wao waliwaita majirani wa makabila mengine "madoadoa". Doa ni kitu cha kufuliwa kwenye shati. Anayelitamka hajasema ua wala choma, amesema safisha tu. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka katika orodha ya maneno ya chuki. Vyema, ingawa nani asiyejua kwamba neno likifungiwa leo, kesho mkutano wa siasa utazaa jingine?

Ningependa mtangazaji mmoja wa kipindi cha asubuhi angemwita mama mmoja wa mahemani kila Jumatatu, mwaka mzima, amuulize swali moja tu: shamba lako lina nani sasa? Wasikilizaji wangempa ajenda hiyo jina wenyewe, tena lenye makali.

Kinyozi alinimalizia upande wa pili baada ya taarifa ya habari. Wiki nzima nilitembea na kofia.