Barua ya jumuiya si risiti

Mkatoliki wa Moshi akifiwa, swali la kwanza huja kabla hajamaliza kufuta machozi: marehemu alikuwa jumuiya gani, yaani kikundi gani cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja? Likijibika, mambo yanakwenda. Mwenyekiti anapigiwa simu, akina mama wanafika na masufuria, rozari inasaliwa kila jioni mpaka siku ya mazishi, katekista anajulishwa, padri anapangiwa saa. Lisipojibika, daftari la michango linafunguliwa, na hilo daftari ndilo lililonifanya niandike.

Mimi ni mtu wa jumuiya, nisije nikaeleweka vibaya. Bila jumuiya ndogo ndogo, Kanisa letu huku Kilimanjaro lingebaki la misa ya Jumapili na picha za harusi. Ninachopinga ni kuzigeuza ofisi za kudai madeni, halafu deni hilo tukaliita imani.

Imani Katoliki ina umri mkubwa mlimani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza Kilema mwaka 1890, Kibosho wakafika 1893, na Moshi ikawa jimbo kamili mwaka 1953. Muda wote huo mtu alikuwa wa parokia au wa kigango, yaani tawi la parokia, na waliomfahamu kiimani ni padri na katekista wake. Jumuiya ni za juzi tu. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walilipanga jambo hilo katika mikutano yao ya 1973 na 1976: Kanisa lianzie kwa majirani wanaosali pamoja na kujuana, lijihudumie, lijieneze na lijitegemee. Kwa Tanzania iliyokuwa imeshapitia Azimio la Arusha na mabalozi wa nyumba kumi kumi, watu hawakuhitaji maelezo marefu. Tatizo ni kwamba katika maneno yale matatu tumeshika moja tu, la kujitegemea, na mengine mawili tumeyaachia semina.

Angalia sala ya Jumamosi asubuhi inavyokwenda. Meza imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, juu yake msalaba na mshumaa, mabenchi yameazimwa kwa jirani Mlutheri ambaye hajawahi kuyanyima. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina. Rozari inapunguzwa mpaka tendo moja maana muda umekwenda. Injili ya Jumapili inayofuata inasomwa, kiongozi anasema tushirikishane, kimya kinatanda, mpaka mzee mmoja aseme kwamba Injili imejieleza yenyewe. Basi, tumemaliza Neno la Mungu. Kisha yanakuja matangazo, na hapo hata waliokuwa wanasinzia wanaamka: zaka, ujenzi, mavuno, ziara ya askofu, jubilei ya padri, rambirambi, sherehe ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wake. Kila kimoja kina kiwango chake, na kila kiwango kina majina ya ambao hawajamaliza.

Majina hayo siku hizi yamepata na nyumba ya pili. Ulipoanza utaratibu wa kutuma michango kwa simu nilifurahi, nikidhani sasa pesa itapita kimyakimya na sala itapata nafasi yake. Wapi! Orodha inabandikwa kwenye kundi la WhatsApp, waliotoa wamewekewa alama ya vema, wasiotoa wameachwa wazi, na kila anayetoa anaibandika upya ili alama yake ionekane. Mjane asiye na kitu anasoma jina lake lisilo na alama mara ishirini kwa siku.

Kwa mji kama Moshi, wanaoaibishwa hivi hawaondoki kwenye jumuiya kwa kelele. Kuna dada aliyepanga chumba kimoja mtaa wa Pasua, zamu ya kupokea jumuiya ikamfikia. Alitoa kitanda nje akakiegemeza ukutani, akatandika mikeka, sisi wengine tukasalia kwenye korido karibu na ndoo za wapangaji wenzake. Ilikuwa sala nzuri kuliko nyingi nilizohudhuria. Baadaye tukanywa chai na vitumbua, na maandazi, na mayai ya kuchemsha, kwa sababu wiki iliyotangulia mwenye nyumba kubwa alikuwa ameandaa hivyo na dada hakutaka kuaibika. Vitu vile alivikopa dukani. Hatukumwona tena kwa miezi. Alipoulizwa alisema kazi zimembana, jibu ambalo kila mtu mjini analo mfukoni. Jumuiya ilipoamua kufuta chai kabisa, ndipo alipoanza kurudi, na si yeye peke yake. Uamuzi ule wa dakika tano ulifanya kazi ya uinjilishaji kuliko semina zote tulizochangishwa.

Sasa nije kwenye barua ya jumuiya niliyoitaja kwenye kichwa cha habari. Ukitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika, parokia inataka uthibitisho wa jumuiya, na mimi naona ni sawa. Padri mwenye waumini maelfu hawezi kumjua kila mtu. Hata mwenyekiti namhurumia: anagongewa mlango saa nne usiku na familia asiyoijua, inataka misa, kwaya na padri, kwa mtu aliyekaa mtaani miaka mingi bila kufungua mlango hata siku jumuiya iliposali nyumba ya pili. Amwandikie nini? Kusema anamfahamu ni uongo.

Lakini ushuhuda na risiti ni vitu viwili. Barua inapaswa kusema huyu tunamfahamu, anasali nasi, au hatumfahamu lakini ndugu zake wametueleza hivi na hivi. Inapogeuka kuwa hesabu ya nani amemaliza ujenzi, tumetoka nje hata ya sheria ya Kanisa tunayodai kuilinda. Sheria ya 1983, kanuni ya 848, inamtaka mhudumu wa sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka husika, na aangalie daima kwamba maskini hawakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kuhusu mazishi, kanuni ya 1184 inawataja wanaoweza kunyimwa maziko ya Kanisa: walioasi imani waziwazi, wazushi na wenye kujitenga na Kanisa, waliochagua kuchomwa maiti kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa dhahiri ambao maziko yao yangewakwaza waumini. Hata hao, wakionyesha dalili ya toba kabla ya kufa, mlango uko wazi. Anayedaiwa mchango wa bati humo hayumo.

Najua atakayenijibu: basi nani atalipa umeme wa kanisa, posho ya katekista, mafuta ya gari la padri anayepanda Kibosho kwenye matope? Sisi. Kanuni ya 222 inasema waumini wana wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, na anayekula kwake akashiba halafu anamwachia jirani mzigo, mhazini amfuate nyumbani amwambie. Amwambie yeye. Kwenye sala zisomwe jumla tu: tumepata kiasi hiki, tumebakiza kiasi hiki.

Kinachoniudhi kuliko vyote hutokea Desemba. Mji unafurika magari ya kutoka Dar es Salaam, parokia za mlimani zinapata watu mpaka nje, harambee zinanoga. Nawapenda wageni wetu, ni watoto wetu. Ila fungua daftari uone. Kijana anayekuja mara moja kwa mwaka, anayeisikia rozari pale tu mama yake anapoisali chumba cha pili huku yeye akigeuza ndafu, mstari wake umejaa, amelipa mwaka mzima kwa muamala mmoja. Mama yake, aliyeongoza sala Oktoba nzima, mwezi wa rozari, aliyekesha kwa wagonjwa, aliyefua mashuka ya jirani aliyepooza, mstari wake una kalamu nyekundu. Tukimwamini huyo mwandishi wa daftari, Mkatoliki hai katika kihamba kile, shamba la ukoo lenye nyumba yao, ni kijana.

Siwalaumu viongozi, wengi wao ni akina mama wanaojitolea huku waume zao wakiwa wamekaa kusubiri taarifa. Wanafuata safu walizozikuta. Daftari la kaunta lina jina, zaka, ujenzi, rambirambi, mahudhurio. Halina mahali pa kuandika nani anaumwa, nani amehamia na bado hajatembelewa, nyumba ipi haijapata komunyo ya wagonjwa tangu Pasaka, mtoto gani amekwama mafundisho ya kipaimara kwa kukosa nguo. Kisichokuwa na safu hakiulizwi, na kisichoulizwa kinasemwa getini, watu wakishaaga, mmoja akimvuta mwenzake pembeni kumwambia kwamba mwanawe yuko wodini.

Daftari letu linakaribia kujaa. Nimemwomba katibu, akinunua jipya, safu ya kwanza baada ya jina iwe ya wagonjwa, na michango ahamishie kwenye kidaftari kidogo cha mhazini kisichofunguliwa wakati wa sala. Amesema wazo ni zuri. Atalileta Jumamosi, tukishamaliza matangazo ya ujenzi.