Mama Kulwa hahitaji wageni, anahitaji zamu

Hapa Tabora habari za mapacha hazihitaji mpiga mbiu. Mama akirudi kutoka hospitali ya Kitete na watoto wawili, bajaji haijazima injini majirani wameshajaa uani, na vichanga wameshaitwa Kulwa na Doto hata kama baba yao alikuwa na majina yake mfukoni. Wiki ya kwanza zawadi zinamiminika: sabuni, kanga, noti za elfu tano zilizokunjwakunjwa. Wiki ya tatu uani hamna mtu. Mapenzi yetu kwa mapacha yanaishia pale kazi inapoanza.

Piga hesabu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, mchana na usiku. Wawili, wakinyonyeshwa mmoja mmoja, ni mara 16 hadi 24. Watatu sitaki hata kuwahesabu. Bado hujacheulisha, hujafua nepi, hujachota maji. Isitoshe, mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki 37 au wakiwa chini ya kilo 2.5, kwa hiyo wanahitaji kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, ile njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Kifua cha mama ni kimoja. Baba anacho, bibi anacho, shangazi anacho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Yaani mtoto wa pili amethaminiwa siku 16. Baba anapata angalau siku 3. Na hao ni walioajiriwa. Mama anayeuza mbogamboga sokoni au anayelima tumbaku kule Urambo likizo yake anajipa mwenyewe, au hajipi.

Ndiyo maana nasema tupange zamu. Akina mama wa mitaa hii wanaendesha vikoba, na daftari lao linajua nani kaweka hisa na nani anadaiwa. Wanashindwaje kuandika humo humo kwamba Jumatatu fulani anafua, Alhamisi fulani anapika? Uingereza kuna shirika la Home-Start, lililoanzishwa na Margaret Harrison mjini Leicester mwaka 1973. Mtu wa kujitolea huitembelea familia yenye watoto wadogo, kwa kawaida saa chache kila wiki. Ukarimu wao haunishangazi, sisi tunao mwingi kuliko huo. Ninachowaonea wivu ni ratiba.

Basi anayekuja kwa zamu asikimbilie kupakata. Huo ndio ugonjwa wetu: mgeni anaketi na mtoto mkononi, mama mwenye mshono anamchemshia chai. Geuza. Wewe shika beseni, yeye ashike wanawe. Osha vyombo, jaza ndoo, songa ugali, mama ale akiwa ameketi na chakula kikiwa bado cha moto. Akikuomba umshikie Doto apate kulala, nawa mikono kwanza, na kama una mafua baki kwako. Simu iache kwenye mkoba. Picha za mapacha watatu wa watu si mali ya stetasi yako, hata kama lengo ni kuwachangishia.

Siku ya kliniki ndiyo siku ya kutokosa kabisa. Watoto wawili, kadi mbili, foleni moja, na bodaboda ya kwendea. Mama hawezi peke yake, na akishindwa mara moja chanjo inachelewa.

Sasa midomo. Sentensi inayowaponza wengi ni "maziwa yako hayatawatosha." Titi hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa, na akina mama wengi wa mapacha, wakila, wakinywa na kupumzika, hunyonyesha wote wawili. Sufuria ya uji wa karanga inasaidia kuliko sentensi hiyo. Mtoto asipoongezeka uzito, mpeleke kwa wauguzi; hilo si la kuamuliwa jikoni. Na asali, ambayo hapa kwetu kila nyumba inayo, mpe mama. Mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli ya kichanga mpaka ashindwe kunyonya, hata kupumua.

Kuna jambo dogo ambalo lisipoangaliwa linaharibu yote: mama mkwe. Ukiingia na beseni lako bila kumwona, umemwambia ameshindwa kazi. Muanze yeye. "Shikamoo bibi, tumekuja kukupokea mzigo kidogo, tuelekeze." Akikubali, ratiba yote ataisimamia yeye, na hakuna atakayethubutu kukosa zamu.

Nauli na sabuni zitoke kwenye mfuko wa jamii wa kikoba, ule ambao sasa tunaukumbuka kwenye misiba tu. Kwa kujaribu, kikundi kimoja kichukue familia moja, kwa miezi sita, hadi watoto waanze kula. Na daftari la zamu likae kwa bibi.