Rambo za mama mdogo

Mama mdogo ana genge pale Mbuyuni, Moshi. Mwaka 2019 alikuwa ametoka kununua rambo za jumla, marobota mawili, tangazo likatoka bungeni tarehe 9 Aprili: kuanzia Juni mosi, mifuko ya plastiki basi. Siku 53. Za robota la kwanza alifungia watu nyanya mpaka usiku wa mwisho. La pili likabaki stoo.

Mimi niko Leeds, Uingereza, natengeneza sandwichi kwenye jiko la duka dogo. Mwaka huohuo huku kulikuwa na mjadala wa lebo za chakula, baada ya binti wa miaka 15, Natasha, kufariki mwaka 2016 kwa mzio wa ufuta uliokuwa ndani ya mkate usioandikwa viambato. Serikali iliweka mezani njia nne na kuwauliza wananchi na wenye maduka waseme ipi inafaa. Kanuni za kuandika viambato zikapitishwa Septemba 2019, zikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2021. Miaka miwili mizima ya kununua mashine ya lebo, kufundisha vijana wa jikoni na kulalamika.

Kuna na lingine linalonivutia zaidi. Tangu 2015 huku kuna sheria inayomtaka waziri anayetunga kanuni za biashara aweke humohumo kifungu cha kuzipitia upya ndani ya miaka mitano, au aeleze kwa nini hakuweka. Kanuni inazaliwa na tarehe yake ya kuulizwa: umefanya ulichotumwa?

Kwetu naona tunapenda zaidi kubadili chombo. SUMATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu na majini, ikaondoka, ikaja LATRA ya nchi kavu. TFDA ya chakula na dawa ikawa TMDA ya dawa na vifaa tiba, chakula kikahamia TBS, shirika la viwango. Yote hayo mwaka 2019. Sisemi ni vibaya. Kupunguza milango ya kugonga ni jambo jema. Ila konda wa daladala za Kiboriloni, hapohapo Moshi, hana haja na jina la mlango. Anataka kujua kanuni zilizo nyuma yake zitapitiwa lini, na nani atamuuliza yeye. Hata hilo la Kiswahili kufanywa lugha ya sheria mwaka 2021, ambalo mimi nalipigia makofi, litakuwa na maana zaidi mtu akisoma rasimu kabla haijapita.

Lakini nisijifanye Mwingereza. England walianza kutoza peni 5 kwa mfuko wa plastiki mwaka 2015, wakapandisha hadi 10 mwaka 2021, na bado ukiwa na hela yako unaupata. Moshi rambo zilitoweka sokoni. Ni kweli watu walihamia kwenye vile vifungashio vyepesi, mpaka serikali ikalazimika kurudi kuvikaba navyo, lakini mifereji ilipumua.

Nilimsimulia mama mdogo kwenye simu, nikijisifia miaka miwili yetu ya maandalizi. Akanikata.

“Miaka miwili mnajifunza kuandika ufuta? Na mwenye mzio wakati huo alikuwa anakula nini?”

Sikuwa na jibu. Nikasikia anampimia mtu maharage, kisha akarudi kwenye simu.

“Ila wangenidokeza mapema, lile robota la pili nisingelinunua.”